Kitabu chenye Herufi Mbaya

Mzee wangu,

Mvua imeanza tena hapa Langas na kibanda kinavuja palepale, juu ya rafu ya rangi. Nimeweka mkebe wako wa bati kukinga maji. Nimekaa kwenye stuli yako, mlango nimeurudisha nusu, na leo nimeamua kukuandikia. Kuna jambo nimelificha tangu ufe, na siwezi kumwambia mtu aliye hai kabla sijakuambia wewe.

Habari kwanza. Kazi ipo, kidogo kidogo. Watu bado wanaita hapa kwa Mzee Barasa, na jina lako mlangoni sijalifuta. Wateja wapya wananitazama, wanatazama nyuma yangu, kisha wanauliza fundi ako wapi. Nikiwaambia fundi ni mimi, wengine wanabaki na wengine wanakumbuka wana haraka. Ule ukuta wa duka la dawa za mifugo kule Kiplombe niliumaliza kuuchora. Mwenye duka alinibembeleza, eti ng'ombe wake hawezi kukaa mwaka mzima bila miguu ya nyuma. Nilipanda ngazi ileile iliyokuangusha, maana hatuna nyingine, na mkono mmoja nikaing'ang'ania hadi nikaichora miguu mifupi. Ng'ombe anaonekana kama anataka kuketi. Ungeniambia nifute nianze upya.

Unakumbuka, au labda huko hamwambiwi, siku ya tatu baada ya mazishi, nyumbani kwenu Bungoma, wazee waliposimama kutaja vitu vyako na nani abaki navyo. Mkeo, Mama Nekesa, hakungoja wafike kwenye kazi yako. Alichukua boksi la brashi na ile tableti ya kuchorea akaniwekea mikononi mbele ya ukoo wote. "Huyu Ciru ndio alikuwa mkono ya Mzee," akasema. "Hii kazi isikufe." Watu wakaitikia. Mimi Mkikuyu peke yangu pale, nimeshika vitu vya marehemu, ningesema nini? Nikasema haitakufa.

Tangu siku hiyo nimefungwa na ahadi hiyo. Rafiki niliyesoma naye ana duka la kuchapisha mabango karibu na mtaa wa West Indies, na mara mbili ameniita nikafanye naye kazi. Mara mbili nimekataa. Lakini nisikudanganye, Mzee, ahadi ile ningeweza kuibeba. Kinachonikaba ni shukrani za Mama. Kila Jumamosi anakuja na chupa ya chai na viazi vitamu vimefungwa kwa leso, anakaa kwenye hii stuli, na kila Jumamosi anasema maneno yaleyale: "Wewe ulijaribu kumtoa kwa ngazi. Ulimtafutia hata kitabu." Ananimiminia chai. Nakunywa. Nikishakunywa chai ya mtu siwezi kufungua mdomo, na wiki nyingine inaanza.

Sasa nikuambie kuhusu hicho kitabu.

Mwenye duka la simu alipokulipa kwa tableti badala ya pesa, nilidhani utaiuza. Wewe ukaifuta vumbi kwa shati lako, ukaiweka juu ya rafu kama sahani ya wageni. Ulikuwa umeona jinsi mabango ya mashine yanavyotumaliza, na magoti yako yalikuwa yanalia kila ukipanda. Ulisema, "Nataka nishuke hii ngazi nikiwa bado natembea." Halafu ukanituma mjini kwa wale wauza vitabu vya mitumba, kwa sababu mimi nilimaliza kidato cha nne na Kiingereza chako, kwa maneno yako mwenyewe, kilikuwa cha kununua msumari tu. Ukanipa maagizo mafupi: "Tafuta kitabu ya mtu hajui kitu."

Hayo ndiyo maneno uliyosema. Nayarudia kwa sababu niliyasikia vizuri.

Vilikuwepo vitabu viwili vya kuchora kwa kompyuta. Cha kwanza kilikuwa kinene, jalada linang'aa, na herufi zake, Mzee, zilikuwa kama umeziandika wewe asubuhi baada ya uji: nene chini, nyembamba juu, nafasi zote sawa. Cha pili kilikuwa chembamba, jalada limechanika, na jina lake limeandikwa kwa herufi zilizovimba kama mandazi. Na sheria yako ilikuwa moja. Angalia herufi kwanza. Mtu hawezi andika jina yake vizuri, hata chapati yake haitakuwa duara. Kwa sheria hiyo tulichagua mahali pa kununua mbao, kinyozi wako, hata kanisa langu. Kwa sheria hiyohiyo tulikula madondo, maharagwe yaliyoungua, mwaka mzima katika ile hoteli ya karibu na steji ya matatu, na sababu ya herufi zake kupendeza ni kwamba uliziandika wewe.

Basi nikachukua kile kinene. Hivyo ndivyo nilivyokueleza, nawe ukakishika jalada ukasema nimejifunza kuona.

Lakini nilikuwa nimefungua vyote viwili.

Kile chembamba, ukurasa wa kwanza kilisema: usijali programu gani unayo, shika kalamu, chora mistari mia. Ukurasa wa pili, duara mia. Kisha mwanga ukitoka upande mmoja, kivuli kinaanguka wapi. Kila ukurasa ulikuwa na jambo moja la kufanya kwa mkono, na nafasi ya kukosea. Kile kinene kilieleza vitufe, mamia ya vitufe, vya programu ambayo tableti yako haikuwa nayo. Na masomo yake! Picha ya kwanza ni duara mbili, picha ya pili ni simba amekamilika na kila unywele wa shingo. Katikati hapo mtu anajitegemea.

Niliona hayo yote nikiwa nimechutama pale mtaroni wanapotandaza vitabu, muuzaji ananiambia niamue. Na nikaona aibu, Mzee. Nilijiuliza, nitampelekaje Mzee Barasa, mtu aliyeandika nusu ya maduka ya Langas, kitabu kinachomwambia achore mistari mia? Nikaona nitakuwa nimekutukana. Nilitaka kukuletea kitabu kikubwa kwa mtu mkubwa. Ile sheria yako ya herufi nilijifichia tu nyuma yake, kwa sababu nilijua hutaipinga.

Ulikisoma majuma mangapi? Sita? Saba? Miwani puani, kidole kwenye mstari, unaniita, "Ciru, hii neno ni nini?" Nami sikujua. Unatafuta kitufe kilichochorwa kitabuni, kwenye tableti hakipo. Ukadhani imeharibika. Kisha ukadhani wewe ndiwe uliyeharibika. Siku uliyofunga kile kitabu hukukasirika, na afadhali ungekasirika. Uliifunga tableti kwenye gazeti, ukasema, "Hii ni ya watoto wa siku hizi. Kichwa yangu imejaa," ukaenda kuleta ngazi. Mimi nilikuwa nasafisha brashi. Ningeweza kusema, Mzee, ngoja, kulikuwa na kingine. Nilisafisha brashi hadi maji yakawa meupe.

Nawe ukapanda ngazi kule Kiplombe.

Hakuna aliyenilaumu. Watu wanasema ngazi iliteleza, ardhi ilikuwa na unyevu, siku ya mtu ikifika imefika. Nami nasimama hapo nikitikisa kichwa pamoja nao. Msalaba wako niliuandika mimi, kwa ile rangi nyeupe ya mafuta. Ulinifundisha kwamba msalaba hauandikwi kwa haraka kwa kuwa mwenyewe hawezi kurudi kulalamika. Herufi za jina lako zilitoka mbaya, Mzee. Zimevimba. Mama alisema ni machozi.

Jumatatu iliyopita nilirudi kwa wale wauza vitabu. Sikuwa na matumaini, lakini kile chembamba kilikuwa palepale, kimefifia kwa jua, hakuna aliyekitaka. Nani angekitaka na sura ile? Nimekileta. Leo nimewasha tableti, nikafungua ukurasa wa kwanza, nikachora mistari. Nilipofika kama ishirini nikasimama, kwa sababu mkono wangu ulikuwa unaijua kazi hiyo. Ni ile uliyonipa mwezi wangu wa kwanza hapa: brashi, maji matupu, kipande cha mbao. Mistari hadi jioni, ikikauka naanza tena. Ileile. Ungefungua ukurasa huo ungecheka hadi ukohoe, ungesema hii nimefanya miaka thelathini, na ungekuwa umeketi chini, kwenye stuli hii, unachora.

Hilo ndilo nisiloweza kulimeza. Hukuwa mtu asiyejua kitu. Mimi ndiye niliyekufanya ujione hivyo.

Keshokutwa ni Jumamosi. Mama atakuja na chai yake. Nakuahidi kwamba safari hii sitaigusa. Nitaweka vitabu vyote viwili mbele yake, nitamwonyesha ukurasa wa kwanza wa kila kimoja, na nitamwambia nilichokijua siku ile mtaroni na nilichokinyamazia nikisafisha brashi. Akitaka boksi lako la brashi arudishe kwa ukoo, nitambebea hadi steji. Naogopa, Mzee. Naogopa kupoteza kibanda hiki ambacho kila siku natamani kukitoroka, na naogopa zaidi kumpoteza yeye.

Mwezi ujao anaenda nyumbani kupalilia kaburi. Ameniambia mvua imeanza kubandua rangi ya msalaba, na amenitaka niende naye niandike upya. Mistari nitaifanyia mazoezi kila asubuhi mpaka siku hiyo, na jina lako safari hii litakaa vizuri, nafasi zote sawa.

Kama bado atataka niliandike mimi.

Pumzika, Mzee. Mkebe umejaa, wacha nikamwage maji.

Mkono wako,
Ciru