Vidole vya Mzee Masanja

Lipangalala, Jumanne

Nimerudi kutoka Lupiro na daftari tupu. Mzee Masanja, aliyekuwa kikosi kimoja cha mizinga na marehemu baba kwenye vita vya Msumbiji, hasikii kabisa. Shikamoo nimeirudia mara tatu.

Nikamwandikia maswali. Akanirudishia karatasi huku akipaza sauti: "Mwanangu, sisi jeshi lilitutoa kwenye kukata miwa kwa ajili ya mabega ya kubebea makombora, siyo kusoma!"

Baba alipokuwa akisimulia, mimi nilikuwa nachezea simu. Sasa namtafuta nani?

Nikamwonyesha picha yao, yeye, baba na wenzao watatu kando ya mzinga. Akanyoosha vidole vya mkono mmoja, akawa anavikunja akitaja majina ya waliokufa. Cha nne kilikuwa baba.

Kikabaki kidole gumba. Akakitazama, nacho akakikunja.