Vikombe Viwili vya Uji Kabla ya Nusukaputi

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo cha Polisi, Sunnyside, Jimbo la Washington
Alhamisi, 23 Oktoba 2025, saa nane na dakika kumi mchana

Jina: Eulalia Barragán Ochoa
Umri: miaka 59
Kazi: mchambuaji wa tufaha, kiwanda cha kufungasha matunda
Makazi: Sunnyside, nyumbani kwa mwanangu
Uhusiano na marehemu: mama mkwe

Sajenti Pruitt amenieleza kwamba naweza kungoja hadi nipate wakili. Nimekataa. Nimekwisha kungoja siku tisa na kungoja hakujanisaidia.

Marehemu ni Nayeli, miaka 23, mke wa mwanangu Efraín. Ameacha mtoto wa kike wa miezi mitatu, Itzel, aliyekuwa akimnyonyesha. Tunaishi nyumba moja.

Mnamo tarehe 2 Oktoba nilimpeleka Nayeli kwa mpasuaji wa kinywa, Dakta Haldorsen. Gego lake la mwisho la chini, upande wa kushoto, lilikuwa limelala ndani ya ufizi na limeanza kutunga usaha. Alikuwa akilala ameketi kwa maumivu. Daktari alisema ganzi peke yake haitatosha, itabidi nusukaputi. Tukapewa karatasi ya masharti kwa lugha yetu: mgonjwa asile wala asinywe chochote tangu saa sita usiku, ataje dawa zote anazotumia, aje na mtu mzima wa kumrudisha nyumbani. Niliibandika mwenyewe kwenye mlango wa friji. Niliisoma, tena zaidi ya mara moja.

Mnamo Jumanne tarehe 14 Oktoba tulifika kliniki saa moja na dakika arobaini asubuhi. Miadi ilikuwa saa mbili. Mtoto tulimwacha kwa jirani na chupa tatu za maziwa aliyokamua Nayeli. Nilibeba chupa ya chai yenye uji wa mahindi, uliopikwa kwa maziwa, mdalasini na sukari guru. Uji ule ulikuwa wangu, wa kunywa wakati nikimngoja. Nilipouchemsha sikuwa na nia nyingine.

Saa mbili na robo tuliambiwa tungoje. Ameletwa mtu wa zizi la ng'ombe, amepigwa teke taya likavunjika, na daktari anaanza na huyo. Tukangoja. Kufikia saa tatu na dakika tano Nayeli alikuwa amepauka midomo. Alisema anaona kizunguzungu. Nikamtoa nje hewani, tukakaa ndani ya gari.

Nilimwambia, "Kunywa uji kidogo."

Akasema, "Mama, karatasi imekataza."

Nikamwambia, "Karatasi haijawahi kunyonyesha. Tangu jana jioni hujatia kitu tumboni na kuna mtu anakunyonya. Maziwa yakikatika, karatasi itamnyonyesha Itzel?"

Akasema, "Lakini walisema nisinywe chochote."

Nikasema, "Uji si chakula, unanyweka. Ukiniangukia hapa nitakubeba vipi, na mapaja hayo?"

Alicheka akishika shavu. Kwetu mwanamke anyonyeshaye hafungi. Hata kanisani wakati wa mfungo husamehewa. Mama yangu alininywesha uji huo siku arobaini kwa kila mtoto niliyezaa, nami nimewanywesha binti zangu wawili. Nayeli alikunywa kikombe kimoja, nikamwongeza cha pili. Rangi ikamrudia. Nilijiona nimefanya la maana. Ilikuwa saa tatu na dakika ishirini.

Saa nne na robo nesi Maribel alitujia na fomu. Huyu ni mtoto wa hapa hapa, tunazungumza lugha moja, kwa hiyo sitasema sikuelewa. Aliuliza, "Nayeli, mara ya mwisho kula au kunywa ni lini?"

Nayeli aliniangalia mimi.

Nikajibu, "Jana jioni. Tangu hapo hata maji hajanywa."

Maribel akasema, "Bi Eulalia, naomba aniambie mwenyewe. Simchunguzi. Akilala na tumbo lina kitu, kinaweza kupanda kikaingia mapafuni. Hata maziwa, hata uji. Kama amekula mniambie tu, hakuna atakayewagombeza, tutampangia siku nyingine."

Nilimuuliza siku nyingine ni lini. Akasema labda wiki tatu.

Wiki tatu. Nilikuwa nimemsikia binti yule akiuma mto ili asimwamshe mtoto. Nikamwambia Nayeli, "Mjibu dada." Nilimshika goti nikisema hivyo. Nayeli akasema, "Jana jioni." Akatia sahihi. Alitia sahihi kwa sababu nilikuwa nimemshika goti.

Saa nne na dakika thelathini na tano waliingia naye. Aliniambia, "Mpigie jirani, uliza kama Itzel amekunywa." Sikumwona tena akiwa na fahamu.

Saa tano kasoro dakika kumi nilisikia watu wakikimbia ndani. Dakta Haldorsen alikuwa akipaza sauti, "Mgeuze, mgeuze, fyonza kooni." Gari la wagonjwa lilifika saa tano na dakika saba. Alipopitishwa mbele yangu na mipira ya kupumulia mdomoni niliona kwenye kola yake doa la rangi ya mdalasini. Nililitambua, nikanyamaza.

Hospitalini, mjini Yakima, daktari wa mapafu alituambia kuna chakula kimeingia mapafuni. Efraín akasema, "Wanalindana hawa." Akanigeukia, "Mama, alikula?"

Nikasema, "Hakula."

Ijumaa tarehe 17 Oktoba, saa nane mchana, mashine zilizimwa. Efraín alikuwa amemlaza mtoto kifuani kwa mama yake.

Jumatatu mwanangu alikuja hapa kumshtaki daktari. Aliyoandikisha ameyatoa kwangu. Hakusema uongo, alimwamini mama yake. Tangu hapo Maribel amesimamishwa kazi, na mlango wa kliniki umeandikwa MUUAJI kwa rangi nyekundu. Jana kiwandani mwenzangu Socorro aliniambia amefuta miadi yake kwa daktari yule, ingawa jipu la jino limemfunga taya. Mbele ya wanawake wote alinipa pole na kusema, "Bora nife nyumbani kwangu." Nikamwambia nenda. Usile, usinywe, useme kila kidonge unachomeza, na ukiulizwa sema kweli, hata kama mama mkwe wako amekaa pembeni. Wakanikodolea macho. Ndipo nikajua siwezi tena kuubeba uongo huo.

Daktari hakumuua Nayeli. Maribel alituuliza vizuri, alituuliza mara mbili, na alituachia mlango wazi. Nilimpa uji mimi na nikasema uongo mimi. Nilimpenda kuliko nilivyowahi kumwonyesha, maana mimi ni mtu wa kusema kwa chungu na mwiko. Naogopa jela, sitaficha. Lakini zaidi naogopa kunyang'anywa Itzel, ambaye hana mwingine wa kumlea mchana, na mimi sina kitu kingine duniani ninachokitaka.

Efraín ndiye aliyenileta leo. Anadhani nimekuja kuunga mkono madai yake. Yuko ukumbini na mtoto. Naomba nimwambie mwenyewe kabla hajayasoma haya.

Niliyoyaona, niliyoyasema na niliyoyatenda ni hayo, nimesomewa yote kwa lugha yangu nami nayakubali.

(Sahihi) Eulalia Barragán O.

Maelezo ya ofisa: Nimeandika maneno haya kama shahidi alivyoyatamka, kupitia kwa mkalimani, na kumaliza saa tisa na dakika hamsini. Nilikubali ombi lake, nikamruhusu atoke kuzungumza na mwanawe ukumbini, mimi nikiwa mlangoni. Walizungumza dakika nne. Mwanawe hakupaza sauti. Alimchukua mtoto, ambaye shahidi alikuwa amempokea, akachukua na mfuko wa nepi, akaondoka. Shahidi akaniuliza kama nina namba ya mtu yeyote anayeweza kumwelekeza mwanawe kiasi cha maziwa ya kopo anayopewa mtoto wa miezi mitatu, kwa kuwa mwanawe hajui.

(Sahihi) Sajenti W. Pruitt