Alfajiri ya Saa Tano Kasorobo

Barke binti Rashid,
Mtongwe, Likoni.
Jumapili, 7 Novemba 1999

Mpendwa mwanangu Stambuli,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta mzima, umeshiba, na unalala kwa wakati, ingawa hilo la mwisho sina imani nalo. Vipi kifua chako na hizo mvua za Malaysia? Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Mguu wangu mimi shangazi yako umeacha kuvimba na nimerudi kukaa ofisini hapa barazani petu kutwa nzima nikiwapigia watu barua kwa taipu.

Mamako anauliza kama ile achari ya embe ilifika. Barua yako ya mwisho ilikuwa kurasa tatu na achari hukuitaja hata kwa neno moja. Jambo hilo limemkaa moyoni, basi ukiandika tena ianze achari, mengine yafuate.

Sasa nije kwenye ile programu yako. Kaa chini kwanza, maana nina mengi ya kusema, mengine ya kukulaumu, na moja la kujilaumu mwenyewe.

Ulituandikia kwamba umetengeneza programu ya kompyuta ya mfukoni, itakayokuwa ikilia kila wakati wa swala unapoingia hapa Likoni, ili babu yako asihitaji tena kusoma saa wala ratiba ndipo aadhini. Na kwa kuwa hiyo kompyuta ya mfukoni bado iko kwako, ukatuletea diski mbili za kuifanya kompyuta yangu ya ofisini ijifanye hiyo ndogo. Tujaribu, kamati ya msikiti ione, na wakiridhika rafiki yako Abdillahi atatuletea yenyewe mwisho wa mwezi huu, kabla ya Ramadhani. Nilikuelewa vizuri. Kutenda ndiko kulikonitoa jasho.

Ila wewe ulikuwa hujui mambo yamefika wapi. Mtoto wa jicho la babu yako amezidi, na jicho la pili nalo linafuata. Mwezi uliopita kulikuwa na mawingu mazito, akaisoma saa vibaya, akaadhini alfajiri ikiwa imepita dakika ishirini. Watu wakasali, wakenda zao. Lakini jioni Bwana Mwidani, mwenyekiti wa kamati, alikuja nyumbani na viatu akavivua nje kama mtu aliyeleta habari ya msiba. Alisema kwa adabu, lakini alisema. Hili likitokea Ramadhani, watu watakula daku alfajiri imeshaingia, na funga zao zitakuwa juu ya nani? Akaomba ufunguo wa kabati la kipaza sauti.

Ufunguo huo unaujua, ule wenye uzi wa kijani. Babu yako amekaa nao miaka thelathini na mmoja. Aliufungua shingoni mwenyewe, akampa Mwidani, akamuuliza kama atakunywa chai. Mgeni alipoondoka, akasema hana njaa, na siku tatu hakula kitu cha maana. Mimi moyo uliniuma, mwanangu, nakwambia kweli. Nikamfuata Mwidani kwake, nikamsomea barua yako yote. Alikuwa mwungwana, akasema basi, kamati itakuja kuiona hiyo mashine, na ikisema kweli babu yako atarudishiwa ufunguo wake. Ikisema uongo, adhana atapewa mtu mwengine.

Basi nikatia diski. Kompyuta ikachora kidude kidogo mfano wa kiberiti, kina vitufe chini, halafu ikaandika kwa Kiingereza kwamba kuna faili haioni. Nikavibonyeza vile vitufe kwa kidole juu ya kioo mpaka kioo kikajaa mafuta, kabla sijakumbuka kwamba hubonyezwa kwa mausi. Hata kwa mausi, jibu likawa lile lile. Nikaisoma barua yako mara ya nne. Diski mbili. Mimi nilikuwa na moja.

Ya pili, bwana mkubwa, ulikuwa umeitia kwenye mfuko wa kanzu mpya uliyomletea babu yako, na babu yako aliikunja ile kanzu akaifungia sandukuni, yuwaiwekea Idi. Nilipindua nyumba nzima juu chini. Aliyeiona ni mamako, alipokwenda kuitia karafuu isiliwe na wadudu. Akaniletea na kuniuliza kama hiyo ndiyo risiti ya fundi cherehani.

Diski ya pili ilipoingia, kidude kikapata uhai, kikatuandikia nyakati zote tano pamoja na jina la Likoni juu yake. Nilifurahi nikasahau chungu jikoni. Lakini sauti hakuna. Nikamwita Fondo, yule fundi wa redio wa Magogoni, akaja na begi lake kwa kivuko. Fondo haamini kwamba mashine ina ugonjwa mwengine wowote isipokuwa vumbi. Aliifungua, akaipuliza kwa pampu ya baiskeli, akatoa mayai mawili ya mjusi, akaniangalia kwa jicho la lawama kama kwamba nimeyataga mimi. Kisha akaunga spika mbili za redio ya zamani, na sauti ikapatikana. Kwa hiyo vumbi halikuwa na hatia, ila sikumwambia.

Alhamisi jioni kamati ikaja, watu wanne, wakakaa kwenye viti vya wateja. Babu yako alivaa kofia ya vito, ile ya kushonwa kwa mkono, akakaa kwenye benchi, mikono juu ya magoti. Tukangoja magharibi. Saa kumi na mbili na dakika tano, magharibi bado dakika saba, kidude kikalia kwa nguvu. Bwana Mwidani akainama kusoma. Kimeandika Adhuhuri.

Walicheka, na siwalaumu. Mmoja alisema mjukuu yuko mbali sana, habari ya adhuhuri ndiyo kwanza imemfika. Mwidani hakucheka. Alimwangalia babu yako, akasema, "Mzee Rashid, utuwie radhi," na wakaenda msikitini kusali. Babu yako alitoka nyuma yao peke yake, hakutaka kushikwa mkono. Mimi nilibaki na mashine yako, na laiti ungekuwa karibu ningekuvuta sikio. Nilisema mtoto amesomeshwa ng'ambo yote hii na hajui adhuhuri na magharibi.

Usiku ule nilikuandikia barua ya hasira. Nimeichana, usiulize ilikuwa na nini.

Siku ya pili, Ijumaa, nilikuwa nampigia mteja barua ya kuomba kazi. Babu yako amekaa kwenye benchi lake. Jua limeshapanda, watu wanarudi sokoni. Mara kidude kikalia, na kikaandika Alfajiri. Mteja akacheka. Babu yako hakucheka, akageuza kichwa.

"Hiyo mashine yaandika saa ngapi?" aliniuliza.

Nikamwambia nne na dakika arobaini na sita.

"Na hapa petu sasa hivi ni saa ngapi?"

Nikamwambia hiyo hiyo, baba, nne na dakika arobaini na sita, yaani saa tano kasorobo hivi.

Akahesabu kitu kwa vidole. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, na nilidhani analia, kumbe anacheka. Tangu siku ya ufunguo sijamsikia akicheka. "Barke," akasema, "saa ya mashine hii umeitia wewe?"

Hapa ndipo pa kujilaumu. Ndiyo, niliitia mimi, siku niliyoinunua. Unajua sisi na saa ya ukutani, mshale ukiwa kwenye nne tunasoma kumi na maisha yanaendelea, tumezoea tangu utoto. Lakini ile ya kompyuta haina mishale, ina tarakimu. Wateja wangu walikuwa wakiona kumi na nusu asubuhi, wanaambiana ni saa kumi na nusu, na bibi mmoja aliondoka mbio akidhani alasiri imempita. Nikachoka. Nikairudisha nyuma kwa saa sita, ikawa inasema Kiswahili kama watu wote, na nikajiona mjanja. Programu yako masikini ilikuwa inaamini saa hiyo. Ilipoona nne na dakika arobaini na sita, ambayo kwa saa ya Kizungu ndiyo alfajiri, ikaamsha watu wa Likoni kwa swala, na sisi tuko kwenye chai ya saa nne.

Babu yako alilitambua kwa sababu ya miaka yake ya bandarini, alipokuwa akipiga king'ora cha kubadilisha zamu. Saa za kule zilikuwa za Kizungu zote. Akasema mtoto hana kosa, kosa liko hapa nyumbani, na akaniomba nilirekebishe kabla hajamaliza kucheka. Basi nakutaka radhi, mwanangu, mbele ya kila niliyemwambia kwamba huna akili. Walikuwa kama watu sita.

Saa nimeiweka inavyotaka. Kwenye kioo nimebandika karatasi: "Saa ya mashine ni ya Kizungu. Ya Kiswahili muulize Barke." Sasa wananiuliza kutwa.

Baada ya swala ya Ijumaa nilimwomba Bwana Mwidani aje mara moja tu tena. Alikuja jioni hiyo hiyo, peke yake, na uso wa mtu anayetimiza wajibu. Babu yako kwenye benchi, mimi nimesimama, mamako mlangoni anasoma Ayatul Kursiyy kimoyomoyo. Sijapata kuogopa hivyo tangu siku ya matokeo yako ya mtihani. Saa kumi na mbili na dakika kumi na mbili, kidude kikalia. Mwidani akasoma, Magharibi. Akaangalia saa yake ya mkononi, akaangalia ratiba aliyokuja nayo mfukoni, akatazama na nje vile vile.

Alipogeuka, babu yako alikuwa ameshatoka mlangoni, hana fimbo, hana wa kumshika, midomo inatembea. Mwidani akamfuata polepole kwa heshima, akidhani mzee anavuta uradi. Mimi nilikuwa nyuma yao nikasikia. Alikuwa anahesabu. Wakumbuka ulipokuwa mdogo, akikupeleka msikitini kwa mkono, ukihesabu hatua kwa sauti mpaka anakukanya? Mia mbili na kumi na mbili, ndizo hizo. Alipofika mia mbili na kumi na mbili, mkono wake ukagusa kabati la kipaza sauti. Mwidani akatoa ule ufunguo wenye uzi wa kijani, akautia mkononi mwake.

Kwa hiyo mwambie Abdillahi aje nayo. Mpaka atakapofika, kompyuta yangu inalala na stima, imefunikwa leso, na babu yako ametandika mkeka kando yake. Naomba Mungu stima isipotee. Ana ombi moja: mlio uwe dakika kumi kabla ya wakati, kwa sababu mtu mzima anatawadha taratibu. Ukiweza kulifanya hilo, lifanye.

Mamako anakusalimu, shangazi yako Dhahabu wa Port Reitz anakusalimu, Fondo anakusalimu na anasema uangalie vumbi. Mungu akuhifadhi, akufungulie ulipokwama, na akurudishe kwetu na macho yako mazima.

Leo alfajiri nilikuwa kitandani nikaisikia sauti ya baba kwenye kipaza sauti, sawasawa na wakati. Aliporudi nilimuuliza nikuandikie nini kutoka kwake, akafikiri sana, kisha akasema nikwambie maneno haya tu: kwamba ulimhesabia hatua ulipokuwa mdogo, akakukataza, na sasa anakuomba umsamehe, maana ndizo anazokwenda nazo.

Ni mimi shangazi yako, nikupendaye na kukukosea,
Barke