Hodi ya Songo Songo

Mama yangu, shikamoo. Dar es Salaam tumefika, na samaki wako wa kukaanga tuliwamaliza njiani.

Jana adhuhuri, karibu na Songo Songo, injini ya meli ilizimika ghafla. Bahari ilikuwa shwari kabisa, lakini meli ikaanza kuyumba kama bembea. Kisha chini, ubavuni, tukasikia: "Hodi! Hodi wenyewe!" Nikachungulia, hapakuwa na ngalawa wala mtu. Mkweo tu, unavyomjua kwa adabu zake, akaitikia: "Karibu!"

"Umemkaribisha nani?" nikamuuliza.

Meli iliinama upande wetu, kama anapanda mtu mzito, kisha ikatulia na injini ikawaka. Pale katikati yetu mkeka tuliokalia ulikuwa umelowa chapachapa.

Tangu hapo mkweo kila akikaa husogea kumpisha mtu, na mwenyewe hana habari.

Tutarudi mwezi ukiandama, inshallah. Mungu akuweke, Mama. Siku hiyo nitasimama mlangoni nikuite "Mama" kwanza. Ukisikia hodi tupu, hata kwa sauti ya mkweo, usiitikie.

Mwanao,
Zuhura