Vidonge Chini ya Kiti cha Kamyo

Yaya Masika, uliyenitangulia tumboni mwa mama,

Kuna jambo ulizikwa bila kulijua, na mpaka leo linanitia kichefuchefu.

Unamkumbuka muuguzi aliyekuja kwenye mkutano wetu wa kina mama, pale Rughenda? Alituomba sisi wake za madereva tukapimwe damu ya virusi vya UKIMWI. Ukamjibu mbele ya wote: "Sisi ni banamuke ba ndoa. Sida ni ya bale banamuke ba kwenye parking ya makamyo." Nikakupigia makofi. Makofi yale yananichukiza.

Ulipoanza kukonda tulisema ni typhoide, kisha tukasema umerogwa. Mume wako akirudi na kamyo lake la mizigo kutoka Beni alikulisha kwa mkono wake, akaomba nasi, akalia. Nilimpenda kwa machozi yale.

Baada ya mazishi nilipanda kwenye kamyo kutafuta blanketi tulilokufunika tukikupeleka hospitali. Chini ya kiti nikakuta vidonge, na kadi ya kliniki ya UKIMWI ya Beni yenye jina la mume wako. Tarehe za miaka mitatu.

Nilipomwonyesha, hakukana. "Kavira, ningemuambia nini? Angenikimbia."

Miaka mitatu, yaya! Alimeza dawa yake, akanawa, akaja kukuombea upone. Dawa ileile ingekuweka hai. Nilishuka nikaenda kumweleza mchungaji wetu. Naye akaniambia, "Mama, funika aibu ya nyumba." Alininyooshea mkono, sikuushika.

Mume wangu alipofika kutoka njia ya Alimbongo, sikumngoja avue viatu.

"Kesho tunaenda kupimwa."

"Unaniona mimi malaya?"

"Mimi hapana jua. Na wewe hapana jua."

Alilala kwenye salon, pale tunapopokea wageni, siku mbili. Ya tatu akavaa koti, tukaenda. Sote wawili tunavyo virusi. Kuna siku siwezi hata kumtazama akila. Lakini kila asubuhi tunameza dawa pamoja, batoto bakiona.

Jumapili iliyopita nilisimama mbele ya kina mama, nikataja ugonjwa uliokuua kwa jina lake. Nisamehe, sikuwa na wa kuniruhusu. Wengine walisogeza viti vyao mbali nami, kama vile ninanuka. Nilitoka peke yangu.

Kabla sijafika barabarani nikasikia viatu nyuma yangu. Wanawake wanne, wote wake za madereva. Mmoja akaninong'oneza: "Kavira, banapimaka wapi?"

Nimewapeleka, yaya. Pumzika sasa.

Mimi mdogo wako,
Kavira