Nimesahihisha Kiingereza cha Afande Miaka Minne

Mama Nambozo mpendwa, nasoma ushauri wako gazetini, nami nakuomba unisaidie. Mimi ni mpiga chapa katika ofisi moja ya magereza hapa Mbale, na bosi wangu, Afande Mugweri, huandika barua kwa kalamu halafu mimi nazipiga kwa taipureta, na kwa miaka minne nimekuwa nikimsahihishia kimyakimya ile 'a' na 'an' ya Kiingereza, kwa sababu yeye hutazama herufi badala ya kuisikiliza, anaandika 'a NGO' wakati inatamkwa 'en' na inataka 'an', anaandika 'an UN' wakati inatamkwa 'yu' na inataka 'a', nami narekebisha, anatia sahihi, kisha anajisifu mbele ya askari, "Barua ya mimi hata Kampala hawawezi shika kosa!" Sasa ameitwa Jinja mwezi ujao kwa mtihani wa kupandishwa cheo, aandike ripoti kwa mkono wake, bila mimi, na naogopa sana, Mama, kwani ni yeye aliyenipa kazi wengine waliposema mtoto wa Wanubi kama mimi hafai, nikimwambia nitamvunjia heshima, nikinyamaza ataaibika mbele ya wakubwa, na siku hizi ana haraka mpaka anaacha nafasi tupu mbele ya hizo NGO na UN, nami najaza tu. Nifanyeje?

Ramula, Nabuyonga

Ramula mwanangu, pole, lakini kwanza nitakugombeza. Miaka minne! Ulidhani unalipa fadhila, kumbe unamficha mtu makosa yake mwenyewe. Mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe umeficha maradhi yasiyo yako.

Sasa soma tena barua yako, pale mwishoni. Eti ana haraka! Mwenye haraka huandika vibaya, haachi nafasi. Huyo mzee amelinganisha karatasi yake na yako, ameona ulivyomsahihisha, na ameogopa kama wewe. Afande hawezi kumwuliza mpiga chapa wake kwa mdomo, kwa hiyo anakuuliza kwa karatasi. Nawe kila siku unajibu bila kumfundisha.

Kesho asubuhi, kabla askari hawajaanza kupiga saluti mlangoni, mrudishie karatasi yake nafasi zikiwa bado tupu. Usimpe hotuba ya kuomba radhi. Funga mlango nusu, umwambie, "Afande, tusome hii pamoja kwa sauti." Atamke herufi moja moja, sikio lake litamwonyesha. Fanyeni hivyo kila siku mpaka safari ya Jinja.

Na kalamu aishike yeye.