Karatasi Chini ya Vijiko

Jumatatu, 5 Mei
Ofisi za Schuman, hapa Brussels, ghorofa ya nne. Vyoo kwanza, halafu korido. Mikono inanuka dawa ya javel. Wakati wa mapumziko rafiki yangu Mapendo alinionyesha simu: tiketi mbili za ndege, kisiwa cha Martinique, mwezi wa saba. Nikadhani ya pili ni yangu. Kumbe ni ya Clarisse. Nikasema félicitations, hongera. Nimepiga deki korido moja mara mbili bila kujitambua.

Jumanne, 6 Mei
Clarisse! Yule wa Lubumbashi, hana hata mwaka kwenye kwaya yetu. Martinique ni yetu, mimi na Mapendo. Tulikuwa wasichana Bukavu, tukicheza zouk, muziki wa Martinique, sebuleni kwa mama yake, mapazia yamefungwa. Mimi ndiye niliyekuwa mwanaume, kwa sababu ya urefu. Tuliapa tutakwenda pamoja. Usiache mbachao kwa msala upitao. Mbachao ndio mimi.

Jumapili, 11 Mei
Baada ya ibada, mlangoni pa kanisa, Clarisse anatangaza safari kwa sauti: «Martinique njo Ufaransa, ma chère. Na carte ya Belgique unaingia tu.»

Yeye ana pasipoti ya Kibelgiji, ataingia. Mapendo ana pasipoti ya Congo na kadi ya ukaazi, kama mimi. Sisi tunahitaji viza ya kando kwa kisiwa kile. Najua, kwa sababu mwaka jana nilikwenda kuuliza. Nilitaka kumshtukiza Mapendo. Karatasi ya masharti ninayo, kwenye droo ya jikoni, chini ya vijiko. Juu yake niliandika majina yetu mawili.

Nitamwambia kesho.

Jumatatu, 12 Mei
Sikumwambia.

Jumamosi, 24 Mei
Wamenunua kitenge kimoja kule mtaa wa Saint-Josse. Buluu, samaki wa njano. Wanaosafiri pamoja lazima wavae sare, ndivyo tulivyozoea. Na nani aliyewapeleka kwa fundi? Mimi! Nikakaa kwenye kiti natabasamu huku wanapimwa viuno. Clarisse anataka mgongo wazi. Kwa mgongo gani?

Sijala.

Jumatano, 11 Juni
Mapendo aliniuliza kwenye metro: «Riziki, uko na hasira na miye?»

Nikasema ni uchovu. Bado zilikuwa zimebaki wiki tatu, viza ingewezekana. Nikafungua mdomo kabisa. Simu yake ikalia. Clarisse, habari za nguo za kuogelea. Walicheka kuanzia Arts-Loi mpaka Midi. Nikafunga mdomo.

Ijumaa, 4 Julai
Kesho wanaondoka. Nikisema leo nitamharibia usingizi tu. Ndivyo ninavyojidanganya. Ukweli: nataka wamrudishe. Nimeandika, basi.

Jumamosi, 5 Julai
Mvua tangu asubuhi. Nimepiga pasi mashuka ambayo hayahitaji pasi.

Saa kumi na moja jioni, kengele. Mapendo, na sanduku lake, na samaki wa njano wamelowa. Walimzuia uwanja wa ndege Paris, hana viza. Clarisse alipanda. Mapendo akarudi na treni, akashuka Midi, akaja kwangu kwa miguu, hakupita hata kwake.

«Barinirudisha, Riziki. Mbele ya bantu bote.»

Alilia begani mwangu muda mrefu. Akasema Clarisse hakugeuka hata kuaga. Akasema mimi tu ndiye ndugu aliye naye hapa Brussels. Mwaka ujao tutakwenda wawili, ameniapia, na kipande cha kitenge kilichobaki kitatosha blauzi yangu.

Yote niliyotaka nimepata.

Nilichemsha chai. Nikaweka vikombe mezani, nikasahau vijiko. Mapendo akainuka kwenda jikoni kuvichukua. Nikamwahi kwenye droo.